Zamu ya Maharagwe

Rhonda, Nakuru, Jumapili jioni

Wekesa mwanangu,

Umeenda kwa kinyozi, na kwa vile nakujua, kwanza utakaa hapo umbembeleze akupunguzie bei, kisha umwambie anyoe sana ili nywele zichelewe kuota. Kwa hiyo nina nafasi ya kutosha. Nimekaa kwenye kitanda chako, begi lako liko hapa miguuni pangu, na kalamu nimeazima kwa dada yako Nafula, ambaye amenionya nisimmalizie wino. Nyumba hii imejaa wabahili, na wote nimewazaa mimi.

Barua hii nitaisukuma ndani ya buti zako mpya za kazi. Najua utaiona mapema, maana tangu uzinunue unazichungulia kila mara kama zitatoroka.

Kesho unaenda Kamere, ukaanze kazi ya kuchomelea mabomba ya mvuke kule Olkaria. Nimeandika sentensi hiyo kisha nikaisoma tena kwa sauti. Nina furaha mpaka naona haya. Mtoto wa Rhonda, mtoto wa mama anayefunga biskuti kiwandani, atashika chuma ambacho ndani yake mvuke wa ardhini unapita kwenda kuwasha taa za watu! Nimemwambia kila mtu kazini. Msimamizi wetu ameniomba ninyamaze kidogo ili makatoni yafungwe.

Sitakuandikia habari za soksi wala za kufunga mlango vizuri. Hayo unayajua, na usiyoyajua majirani wa huko watakufundisha kwa kukucheka. Na kuhusu kuishi na kidogo, mimi ni nani nikufundishe? Wewe ndiye unayekata mrija wa dawa ya meno kwa mkasi na kuukwangua ndani. Wewe ndiye uliyetembea kwa miguu kwenda na kurudi chuo cha ufundi siku zote za masomo yako, ukifika hapa jioni unatuambia umefanya mazoezi. Suruali yako ikichanika, Nafula anapata begi la vitabu. Hakuna waziri wa fedha aliyewahi kubana matumizi kama wewe, na nakusifu kwa moyo wote.

Tena unajua tulikolazimika kujifunza hayo. Mshahara wangu ulisimama wewe ukiwa bado unavaa kaptula za shule ya msingi. Uliwahi kusogea mara moja, tukapiga vigelegele mpaka sauti zikakauka, kisha mwezi uliofuata wakaondoa chai ya saa nne. Kumbe tuliongezwa chai yetu wenyewe. Tangu hapo unga umepanda, mafuta ya kupikia yamepanda, stima imepanda, makato yamezidi na kila moja lina jina zuri la kuvutia, na mimi niko palepale. Baba yako naye ni fundi wa mawe asiye na mpinzani mtaani huu. Ufundi anao, ila wanaojenga ndio wamepungua.

Lakini hatukuishi kwa huzuni, na hilo nataka ulikumbuke vizuri ukiwa mbali. Kiwanda kilituuzia wafanyakazi biskuti zilizovunjika kwa bei ya chini, tukazibeba kwa mifuko kama unga wa kuku. Wewe ulikua ukidhani biskuti huzaliwa zikiwa zimevunjika. Harusi ya shangazi yako kule Bungoma ulipewa biskuti nzima kwenye sahani, ukaiangalia, ukaigeuza, ukaivunja kwanza vipande vipande ndipo ukaanza kula. Watu wa kwetu wakadhani hizo ndizo adabu za Nakuru. Muda si muda watoto wote wa harusi walikuwa wanavunja zao, na bibi yako akaniuliza kama huko mjini tunafanya hivyo hata na mandazi.

Na Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tukitembea hadi kwenye fensi ya mbuga, tunasimama kutazama wanyama kupitia waya. Baba yako alijipa kazi ya kuongoza watalii. "Upande wenu wa kushoto, mabibi na mabwana, yule ni nyati. Upande wa kulia, tafadhali msisukumane, yule ni nyati mwingine." Sidhani waliolipia getini walicheka vile tulivyokuwa tunacheka sisi.

Kwa hiyo, Wekesa, kubana kwako hakunitii wasiwasi hata kidogo. Kinachonitia wasiwasi ni chapati ya Mama Chebet.

Siku ile Chebet alipopita mtihani wake, mama yake alipika chapati za ploti nzima, vyumba vyote vya ua wetu. Mama huyo ameishi chumba cha pili kutoka chetu tangu ukitambaa. Amekufuta kamasi kabla hujajua kuzifuta. Wewe ulikuwa umetoka na baba yako kubeba mawe, hukuwa umekula tangu asubuhi, na harufu ilikuwa imejaa uwanjani mpaka mbwa wa jirani wameketi kwa heshima. Akakupa sahani. Ukasema, "Nimeshiba, mathe." Nilikuwa karibu, nikasikia tumbo lako likikukana.

Nilipokuuliza nyumbani, ukanijibu kwa upole sana: "Mama, nikikula yake leo, kesho atakuja na shida na mimi sina kitu. Afadhali nisianze."

Halafu wiki hii ukanieleza mipango yako ya Kamere. Chumba cha peke yako, sufuria moja ndogo, hutajiunga na mtu kwa jambo lolote, hutatembelea mtu wala kutembelewa, na kinachobaki chote utatuma kwa karo ya Nafula. Ukamalizia, "Na msiite watu kuniaga. Hiyo pesa ya soda nunueni unga." Baba yako akakusifu kwamba una akili. Mimi nilitoka nje nikaanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi, kwa sababu sikutaka mnione uso.

Nililia kwa kuwa nilikuwa nimejisikia mwenyewe. Maneno hayo yako niliyasema mimi, wewe ukiwa mdogo, na yalinifikisha mahali pa kuchekesha na pa aibu. Lile doa la kahawia juu ya meko, lililogoma kutoka hata baada ya kupakwa rangi, umeishi chini yake na umesikia watu wakilicheka, lakini hujawahi kusikia habari yake kamili. Nilihakikisha hivyo. Leo nakupa.

Zamu ya maharagwe unaijua, ila acha nikukumbushe ilivyo, maana mtu akizaliwa ndani ya kitu hakioni. Makaa ni ghali, na hakuna chakula kinachokula makaa kama maharagwe. Ndiyo maana asubuhi kila nyumba inatoa kikombe chake, vyote vinaingia kwenye sufuria moja kubwa, mwenye zamu anawasha jiko moja, na jioni kila mtu anakuja na bakuli kuchukua yaliyoiva akaunge kwake anavyopenda. Ploti nzima, jiko moja. Niliikuta hivyo nilipoolewa hapa.

Ulipofika umri ule wa kuuliza maswali bila kupumua, mimi nilijitoa. Baba yako alikuwa amekaa muda mrefu bila kazi na nilikuwa nimeanza kupiga hesabu za kila kitu. Jioni za kugawa nilisimama pale nikihesabu midomo. Sisi tulikuwa watatu, na mmoja ni wewe. Kwa Mama Chebet kulikuwa na watoto, na mjomba wao aliyekuja kutoka Kuresoi kutafuta kazi, mtu wa kula hasa, na bakuli lao lilikuwa kubwa kuliko la mtu yeyote. Nikajiambia, Rodah, wewe unalisha watu. Sikumwambia mtu nilichofikiria. Nilisema tu kwamba maharagwe siku hizi yananisumbua tumbo.

Kisha nikaenda kwa wauza mitumba nikanunua sufuria ya presha, nipike peke yangu kwa makaa machache. Ilikuwa imara, inang'aa, nikaiona kama ukombozi. Kasoro yake ilikuwa moja, haikuwa na ule mpira wa kifuniko. Mpira wa dukani niliona ni kutupa pesa. Nikachukua tyubu ya baiskeli ya baba yako, nikaikata, nikaipachika. Ilikaa vizuri mpaka nikajipongeza. Tundu la kutolea mvuke sikulitazama hata, kwa sababu sikujua kuna haja ya kulitazama.

Jumamosi moja mchana sufuria hiyo ililia mlio ambao sijawahi kuusikia tena. Kifuniko kikaruka kikagonga dari. Mimi nilikuwa nimeinama kona ile ingine kutafuta chumvi, na wewe ulikuwa nje ya mlango ukichezea vifuniko vya soda, kwa hiyo hakuna aliyeumia, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa hilo. Mvuke ulipotulia uliingia taratibu, ukaangalia juu, ukasema kwa sauti ile ya kukariri aya kanisani:

"Mama, maharagwe yamepaa mbinguni."

Ploti nzima ilikuja mbio ikidhani ni gesi. Wakanikuta nimesimama katikati ya nyumba, maharagwe kwenye nywele, kwenye nyusi, kwenye kalenda ya kanisa, mengine yakidondoka moja moja kutoka juu. Na wote wakaelewa mara moja kwamba tumbo langu halikuwa na ugomvi wowote na maharagwe. Mama Chebet akanisogelea, akatoa haragwe moja kwenye paji la uso wangu, akalitafuna polepole akiwaza.

"Hii bado," akasema. "Ilikuwa inataka kama nusu saa ingine."

Njoroge, anayesimamia ploti, alilazimika kushika ukuta. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kupumua. Na mimi, Wekesa, niliyekuwa nimekaza uso kwa miezi, nilicheka pia. Nilicheka mpaka nikaketi chini juu ya maharagwe.

Walibaki kunisaidia kusafisha. Njoroge akapanda stuli kukwangua dari, na huyo hajui kukwangua bila kuongea.

"Lakini Mama Wekesa," akaniuliza, "mbona ulitoka kwa zamu na huyu mama ndiye alikuwa anakuongezea?"

"Kuniongezea nini?"

"Njoroge, wewe kwangua," Mama Chebet akasema.

Lakini lilikuwa limeshatoka. Kikombe changu kilikuwa kidogo. Wenzangu walileta kikombe cha bati kile kikubwa, mimi nilileta cha plastiki cha chai, na katika ile miezi migumu hata sikukijaza. Nilidhani hakuna aliyeona. Wote waliona. Mama Chebet alikuwa akiletewa maharagwe kutoka shamba la mama yake, na alikuwa akiyatia kwenye sufuria mapema kabla sijaamka, ili yangu yasionekane yamepungua. Ndiyo sababu bakuli lake lilikuwa kubwa. Sehemu kubwa ya chakula kile ilikuwa yake. Mimi nilihesabu midomo ya wanaokula, lakini mikono ya wanaotia sikuihesabu.

Nilianza kuomba msamaha nikiwa na kitambaa cha kupangusia mkononi. Hakunipa nafasi.

"Zamu yako ni Alhamisi," akaniambia. "Na usikuje na hiyo bomu."

Yakaishia hapo. Hajawahi kunikumbusha, isipokuwa kila Krismasi, mbele ya wageni, akiigiza na uso wangu ulivyokuwa.

Unajua kitu kilichoniuma zaidi ya aibu? Kugundua kwamba ile miezi ya kupika peke yangu sikuwa nimeokoa chochote. Nilikuwa nimekata sukari, nimekata nauli, nimekata mafuta, kisha nikakata na watu, nikidhani nao ni gharama. Kumbe hao ndio waliokuwa wanafanya kidogo chetu kitoshe. Nilipowakata, makaa yalienda zaidi. Mboga nilinunua ghali kwa sababu hakuna aliyenipitishia habari kwamba leo sokoni kuna za bei nafuu. Na ilikuwa upweke, Wekesa, upweke mtupu. Tulikula mlango umefungwa, sisi watatu, tukisikia wenzetu nje wakicheka, na mimi nikitamani kujua wanacheka nini. Nilikuwa naona wivu kwa watu niliowakimbia mwenyewe.

Sasa wewe hutaki kula kwa mtu kwa sababu huna cha kumrudishia. Kwa upande mmoja hiyo ni heshima, na ninaipenda. Kwa upande mwingine ni kiburi, na nakwambia bila hasira kwa sababu umekirithi kwangu, pamoja na hayo masikio.

Subiri kidogo, mlango unagongwa.

Nimerudi. Alikuwa Njoroge. Ameingia kinyumenyume akiwa ameficha kitu ndani ya koti.

"Kijana ako hapa?"

"Ameenda kunyolewa."

"Poa. Ficha hii. Akiiona atasema ako nayo."

Ni jiko. Amelipiga bati jipya na kulitia udongo ndani kwa mikono yake, na mkono wa kubebea ameuzungushia waya usikuchome. Nimeliweka chini ya kitanda chako. Nakuomba ulikute kama mtu aliyeshangaa.

Mimi sikuita mtu, naapa. Nilikutii. Lakini hukumkataza baba yako kuongea, na baba yako ameongea kuanzia hapa mpaka Kaptembwo. Kwa hiyo hivi ninavyoandika kuna benchi za kanisa uwanjani, na Mama Chebet amewasha moto tangu mchana. Soda hakuna, usiwe na wasiwasi na bajeti. Kuna chai, kuna githeri ya mahindi na maharagwe, kuna maziwa lala ya kwao kwenye kibuyu, na kuna kuku mmoja aliyeacha kutaga, kwa hiyo usijione mkubwa sana. Kila nyumba imeleta kidogo. Hakuna aliyeumia.

Karo ya Nafula tutaihitaji, siwezi kukudanganya. Ukituma nitapokea kwa mikono miwili, kwa kelele, ili ujifunze kwangu namna ya kupokea. Lakini usitutumie chakula chako, mwanangu, wala usitutumie ujana wako wote ukiwa umefungiwa ndani ya chumba kimoja. Ukifika Kamere tembea pale unapoishi, uliza ni nani wanapika pamoja, wapo, mahali pa watu wa mishahara midogo lazima wapo. Peleka kikombe chako. Siku unayo, jaza na usitangaze. Siku huna, nenda na bakuli tupu useme, "Leo sina." Najua unaona ni rahisi kuchomelea bomba lenye mvuke kuliko kusema maneno hayo mawili. Mimi yalinichukua muda mrefu na sufuria moja ya presha.

Wala sikuombi uyaweze yote kesho. Leo ningefurahi tu kama ungeketi kwenye benchi, upewe sahani na Mama Chebet, na ukubali. Hilo ndilo ninalotaka kabla hujapanda gari kesho. Nimejaribu kukuambia kwa mdomo wiki nzima nikaishia kukuuliza kama umefunga begi.

Hebu. Geti limelia. Ni wewe.

Sitoki. Nikitoka utakula kwa ajili yangu. Nimesogea karibu na mlango, naandikia kwenye goti.

"Wekesa! Umenyolewa ama umechunwa?" Huyo ni Mama Chebet, na watu wamecheka.

"Sasa mathe. Hii ni nini? Si nilisema hakuna sherehe?"

"Nani amekuambia sherehe? Watu wanakula. Kwani siku zingine hatukulangi?"

Nakujua unavyosimama, mikono mfukoni, unaangalia miguuni kana kwamba umezivaa zile buti.

"Mimi nimeshiba, mathe."

Moyo wangu, Wekesa.

"Sijakuuliza kama umeshiba. Nimekuuliza hilo wapi? Shika sahani, mkono unaniuma."

Njoroge amekohoa. Baba yako, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hasemi kitu. Kisha nimesikia benchi likilia, na kijiko.

Nilitaka kumalizia hapo. Nilikuwa nimeshaandika jina langu upande wa chini, ndipo nikakusikia tena, mdomo ukiwa umejaa, ukiuliza kwa sauti ndogo:

"Mathe, iko ingine?"

Uwanja mzima umepiga kelele. Sijui kama utakumbuka kwamba ulisema hivyo, kwa hiyo nakuandikia: ulisema. Mtoto wangu ameomba aongezewe, na mimi niko ndani naandika barua! Nisogezee nafasi kwenye benchi, nakuja.

Mama yako,
Rodah